Mkate wa Mfukoni

Bomba lilikatika Mawimbi akiwa anafanya usafi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu usafi haukuwa kazi yake na siku hiyo aliufanya kwa hiari.

Alitaka bafu lipendeze. Binti yao alikuwa anatoka hospitali na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza wa nyumba hiyo, na tangu asubuhi mkewe alikuwa akizunguka na tambara mkononi, akifuta hata mahali pasipofikiwa na vumbi. Mawimbi alimtazama mpaka akaona aibu kuendelea kukaa. Akaingia bafuni, akaangaza huku na huku kutafuta cha kusafisha, macho yakamwangukia waya wake. Ulikuwa waya mwekundu aliokuwa ameufunga kwenye bomba la maji miaka mingi nyuma, ili redio yake kubwa ishike stesheni za mbali. Sasa ulikuwa umejaa utando wa buibui. Akaona huo ndio uchafu wenyewe. Akauvuta. Waya haukutoka. Akauvuta kiume.

Kilichotoka ni bomba.

Alipofika sebuleni shati lilikuwa limemganda mwilini na miwani inaning'inia kwenye sikio moja.

"Usishtuke," alimwambia mkewe.

Mkewe, aliyekuwa akimalizia kifungo cha sweta la njano lenye ukubwa wa kiganja, akashtuka.

Wakatoka mbio wote wawili kwenda kufunga koki kuu nyuma ya nyumba. Koki ile ilikuwa imezeeka. Ukiifunga ilifumba jicho moja tu, lile jingine likabaki wazi, na maji yakaendelea kuchirizika polepole. Bafuni, bomba la shaba lilikuwa limechomoka kwenye kiungo cha kona na kuinamia sakafu kama mtu anayetafuta sindano.

Mkewe aliitwa Mama Sweta, kwa sababu hakukuwa na mtoto wa shule mtaani pale ambaye hakuwahi kuvaa kazi ya mkono wake. Alikunja vitenge vyake magotini, akapiga deki. Kunyamaza kwake kulimtisha Mawimbi kuliko yale maji.

"Ni kiungo kimoja tu," Mawimbi alisema.

"Nimekiona."

"Nitakilehemu."

"Nimpigie Spana?"

"Umpigie nani?"

"Spana. Mdogo wangu. Unamjua."

"Nilikuwa namjua," alisema Mawimbi.

Spana alikuwa fundi bomba, kama alivyokuwa marehemu baba yao yeye na Mama Sweta, ambaye nyumba ile ilikuwa yake. Yeye na shemeji yake walikuwa wameishi kwa utani mtamu mpaka siku moja mezani, wakati wa chakula, Mawimbi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, aliposema kwamba kulehemu bomba ni sawa na kupaka uji kwenye mti, hata kipofu anaweza. Spana akajibu kwamba kulehemu redio ni kazi ya kutunga shanga, aachiwe mtoto wa chekechea. Kila mmoja alikuwa na maneno mengine ya kuongeza, na akayaongeza. Tangu hapo hawakusalimiana. Mama Sweta alikuwa akimtembelea mdogo wake kwa siri, kana kwamba anakwenda kwa mganga.

*

Simu ilipolia, Mama Sweta alidhani ni binti yake. Alikuwa mkwe wake, mama wa mume wa binti. Kijana mwenyewe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo mama yake ndiye aliyekuwa hospitali na gari, na ndiye aliyeshika simu ya binti, na kwa jumla ndiye aliyeshika kila kitu.

"Mkwe, habari za huko. Nasikia sauti ya maji."

"Tunapiga deki, mkwe."

"Mnapiga deki au mnaogelea?"

Mama Sweta akacheka kicheko cha kulazimisha. "Kuna kibomba kidogo kimeleta matata. Kinashughulikiwa."

"Kidogo cha jikoni au cha bafuni?"

"Cha bafuni," alisema Mama Sweta, na hapo hapo akatamani angesema cha jikoni.

Kwa mbali akamsikia binti yake akisema kitu, na mtoto akilia kile kilio chembamba cha watoto wachanga, kama mlango unaohitaji mafuta.

"Sikiliza, mkwe," alisema yule mama, na hakusema kwa ubaya. "Mimi sina neno. Lakini mzazi na kichanga kwenye nyumba isiyo na maji, hiyo hapana. Kwangu chumba kiko tayari. Tutapitia hapo kwako nione mwenyewe. Maji yakiwepo, wanabaki kama mlivyopanga. Yasipokuwepo nawachukua, wakae kwangu kidogo, halafu tutaona."

Mama Sweta alilijua hilo "tutaona." Ni neno linalokula miezi. Akatazama kitanda kidogo alichokitandika kando ya kitanda chake, na lile sweta la njano juu yake, na akajua kwamba binti yake, mwenye haya kama yeye, hangeweza kumwambia mama mkwe usoni kwamba anataka kukaa kwa mama yake. Angeingia tu kwenye gari.

"Maji yatakuwepo, mkwe," alisema.

Jirani wa ukuta wa pili alikwisha kuleta ndoo mbili bila kuombwa. Alizitua mlangoni, akasimama, akanyoosha shingo.

"Si mna fundi ndani?" aliuliza.

"Yupo," alisema Mama Sweta. "Asante kwa maji."

"Mimi nauliza tu. Maana fundi mwenyewe nimemwona anapita na redio kichwani."

*

Haikuwa redio. Ilikuwa meza yake ndogo ya kazi, aliyoibeba kutoka kibandani pamoja na taa yake ya kunyumbuka na kichomeo chake cha kulehemia, chembamba kama kalamu. Akavuta waya wa umeme kutoka sebuleni mpaka mlangoni mwa bafu.

"Umeme na maji," alisema Mama Sweta.

"Najua umeme kuliko unavyonijua mimi."

Alikaa kwenye kigoda akakunja mikono ya shati. Hapo alipendeza, mkewe hakuweza kukataa. Alikuwa na vidole vya mtu anayeweza kutoa mchanga kwenye jicho la kuku bila kuku kujua. Alirudisha bomba kwenye kiungo chake, akagusa shaba kwa ncha ya kichomeo, akasubiri huku ameshika lehemu yake kwa mkono wa pili.

"Lehemu ni lehemu," alisema. "Iwe waya, iwe bomba. Chuma kinapata moto, lehemu inayeyuka, kwisha."

Wakasubiri.

"Limeanza kupata moto," alisema.

Mama Sweta akaligusa bomba kwa kidole. "Baba, hata chai niliyokuandalia jana ina moto kuliko hili."

"Shaba inakwenda polepole."

"Inakwenda wapi?"

Jibu Mawimbi alilijua, na halikumpendeza. Kichomeo kilitosha kwa mguu wa transista ya redio, mwembamba kama unywele. Bomba lilikuwa linaubeba ule moto na kwenda nao mpaka nje, ambako lilikuwa linawapasha joto buibui. Alikaza taya akaendelea kidogo, kwa heshima tu, halafu akazima.

Akatoka. Aliporudi alikuwa na tochi ya gesi aliyoazima kwa fundi wa mafriji wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amelazimika kumweleza ni ya nini, na fundi wa mafriji alikuwa amecheka kiasi cha kushika nguzo. Hilo hakumwambia mkewe. Mkewe alilisoma mwenyewe kwenye masikio ya mumewe, yaliyokuwa mekundu.

Tochi iliwaka kwa mngurumo wa kumtisha paka. Safari hii bomba lilipata moto kweli. Halafu likaanza kufyonya. Maji yaliyokuwa yakichirizika ndani yakafika penye moto, yakachemka, mvuke ukatoka kwenye kiungo kwa hasira. Mawimbi akagusisha lehemu. Ikayeyuka, ikajikunja kuwa vijipira, vikabingirika chini ya meza kimoja kimoja, ving'aavyo, kama vinakimbia kesi.

Alijaribu tena. Vijipira vikaongezeka.

Alizima tochi. Akavua miwani akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa chafu. Mama Sweta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona alivyoinamisha shingo na akajua kwamba kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa anamwona mumewe ameshindwa na lehemu. Hakupenda kuona. Alikuwa na hasira naye tangu asubuhi, lakini haikuwa hasira ya kutaka hilo.

Akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia mdogo wake.

*

"Niko juu ya dari la shule," alisema Spana. "Nina bomba linalomwagia mwalimu mkuu. Hata nikitaka kuja siwezi kabla ya jioni. Na sitaki."

"Jioni mtoto atakuwa ameshachukuliwa."

"Amechukuliwa na nani?"

Akamweleza. Kwenye simu ilisikika nyundo ikiwekwa chini.

"Yule mama mwenye gari?"

"Huyo huyo."

"Halafu mjomba mtu nikitaka kumwona mjukuu wangu nipige hodi kwenye geti?" Akavuta pumzi. "Haya. Weka simu kwenye spika, mahali pakavu. Lakini mimi siongei na mumeo. Nitakuambia wewe, wewe umwambie."

Mama Sweta akarudi bafuni, akaiweka simu kwenye kibao cha sabuni.

"Nani huyo?" aliuliza Mawimbi.

"Dada, mwambie ni fundi wa kupaka uji," ilisema simu.

Mawimbi akainua uso taratibu. Mama Sweta alimtazama kwa jicho moja tu, lile ambalo ndani ya nyumba ile lilikuwa halijibiwi.

"Mwambie mdogo wako," alisema Mawimbi, "kwamba namsikiliza kwa ajili ya mjukuu."

"Anasema anakusikiliza kwa ajili ya mjukuu."

"Nimemsikia. Mwulize anatumia lehemu gani."

"Anauliza unatumia—"

"Mwambie lehemu nzuri kabisa, ya redio."

"Mwambie aitupe. Ile ina madini ya risasi ndani, ni sumu. Mtoto anywe risasi? Kwenye sanduku la Baba, stoo, kuna koili ya lehemu ya mabomba niliyoiacha, na kikopo cha mafuta ya kulehemia, na msasa. Mwambie asugue ncha ya bomba na ndani ya kiungo mpaka shaba ing'ae kama meno."

Mawimbi aliisukuma lehemu yake kando. Akatoka, akarudi na sanduku la mzee, akasugua. Alisugua vizuri, hata Mama Sweta aliyesikiliza tu aliona mkono unajua. Akapaka mafuta kwa brashi.

"Mwambie nimesugua kuliko alivyowahi kusugua yeye."

"Anasema amesugua."

"Mwambie sasa moto aupige kwenye kiungo, asiipige lehemu. Lehemu aigusishe upande wa pili. Itafuata moto yenyewe, itanyonywa ndani. Na bomba la kuogea liwe wazi, mvuke upate pa kutokea. Na nyuma aweke bati, asituunguzie ukuta wa Baba."

"Mwambie ukuta wa Baba naujua, nimeupaka rangi mimi."

Mama Sweta akaleta sinia la kuokea, akalishika nyuma ya bomba. Tochi ikawaka. Bomba likafyonya. Vijipira vikabingirika.

Simu ikasema: "Dada, hiyo sauti ni ya maji. Ile koki ya nje haifungi mpaka mwisho?"

"Haifungi tangu Baba yupo."

"Basi ndiyo sababu. Penye maji lehemu haikai, hata alehemu malaika. Mwambie aweke mkate."

Mawimbi akazima tochi. "Mwambie arudie."

"Mwambie achukue mkate mweupe, ule wa ndani, laini, bila ganda. Autengeneze donge, ausukume ndani ya bomba upande maji yanakotoka. Utanyonya yale matone kwa muda. Alehemu haraka haraka. Akimaliza afungue maji, mkate utalainika utoke wenyewe."

Mawimbi akaiweka tochi sakafuni kwa uangalifu wa mtu anayejizuia.

"Mwambie mdogo wako," alisema, "mimi si panya."

"Dada, mwambie mumeo panya ana akili."

"Mwambie nimekaa hapa asubuhi nzima nimelowa mpaka soksi, nimechekwa na fundi wa mafriji, na sasa anataka nijaze mkate kwenye mabomba ili jioni awe na hadithi ya kuwasimulia mafundi wenzake. Mwambie amenipata, lakini si kwa mkate."

"Mwambie—"

"Nyamazeni," alisema Mama Sweta.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameshika lile sinia, na alikuwa anatazama ukuta kana kwamba kuna mtu amepita ndani yake.

"Spana," alisema. "Ule mkate wa Baba."

"Upi?" iliuliza simu.

"Ule aliokuwa anaweka kwenye mfuko wa koti kila asubuhi, akienda kazini. Kipande cha jana. Tulikuwa tunakikodolea macho mimi na wewe, tumekaa pale jikoni na uji usio na sukari. Hakuwahi kutukatia hata siku moja."

"Eeh."

"Ulikuwa wa mabomba?"

"Ulikuwa wa mabomba, dada. Hukujua?"

"Nilidhani anakula. Nilidhani anatoka nje ya mlango anaula peke yake."

"Mimi pia nilidhani hivyo. Mpaka nilipoanza kazi naye. Siku ya kwanza akautoa mfukoni, nikajua leo nitagawiwa. Akausokomeza kwenye bomba." Spana akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. "Akaniambia, ndiyo maana sikuwapa, ningewapa ningekosa kazi ya kuwanunulia mwingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nilidhani unajua. Wewe ndiye ulikuwa unamfulia koti."

Ni kweli alikuwa akimfulia koti. Alikuwa akikung'uta makombo kutoka mfukoni kwa hasira ya mtoto mwenye njaa, na alibaki na punje ya hasira hiyo mpaka akaota mvi, hata siku walipomzika. Sasa alisimama bafuni na sinia la kuokea, hajui hasira hiyo aiweke wapi.

Mawimbi alikuwa amemtazama muda wote huo. Alivaa miwani yake chafu.

"Nipe huo mkate," alisema.

*

Mkate uliokuwepo ulikuwa ule ulionunuliwa kwa ajili ya mzazi, mpya, bado una joto la dukani. Mama Sweta aliukata katikati, akautoa utumbo, akafinyanga donge kwa vidole. Kilichobaki alikitia mfukoni mwa aproni bila kufikiri. Alilisukuma donge ndani ya bomba yeye mwenyewe kwa mpini wa mwiko, taratibu, mpaka matone yakakoma.

"Pakavu?" iliuliza simu.

"Pakavu."

"Mwambie haraka."

Mawimbi alifuta, akapaka mafuta tena, akaingiza bomba kwenye kiungo, akalizungusha kidogo likae. Tochi ikanguruma. Safari hii hakuna kilichofyonya. Mafuta yakaanza kuchemka pembezoni, shaba ikabadilika rangi, na Mawimbi, ambaye hakuhitaji kuambiwa na mtu chuma kikiwa tayari kinafanana na nini, akauondoa moto kidogo na kugusisha lehemu upande wa pili.

Ikanyonywa. Ilizunguka kiungo kizima kwa mara moja, pete nyembamba ya fedha, ikajifunga.

"Ooh," alisema Mawimbi, kwa sauti ndogo.

"Mwambie asilitikise mpaka lipoe."

"Mwambie hata transista haitikiswi ikiwa moto."

"Mwambie hilo amelisema vizuri."

Hawakupata nafasi ya kulijadili, kwa sababu nje kulisikika honi.

Mama Sweta alitupa sinia, akavua aproni, akaivaa tena, akaenda mlangoni. Binti alikuwa anashuka garini taratibu, uso umevimba kwa usingizi, na bado hajavua ule wasiwasi wa mtu asiyejua leo atalala wapi. Mkwe ndiye aliyembeba mtoto. Alikuwa mama mrefu mwenye mkoba uliofanana rangi na viatu vyake.

"Karibuni, karibuni ndani."

"Tumekaribia, mkwe. Hatukai sana," alisema yule mama. Akamkabidhi binti mtoto. "Ngoja kwanza ninawe mikono. Hospitali ni hospitali."

Akaelekea bafuni moja kwa moja. Mama Sweta alimfuata akiwa na maneno matatu ya kumchelewesha, na yote yalimkwama. Mlangoni mwa bafu Mawimbi, aliyekwisha kulifunga bomba la kuogea, alitokea, akamwamkia mkwe wake kwa heshima, akapita ubavuni mwake kama mwizi kwenda nje kufungua koki kuu. Kiungo kilikuwa kimepoa. Kimepoa kiasi gani, hakuna aliyejua.

Mkwe akatazama meza ndogo, taa ya kunyumbuka, vijipira vya lehemu sakafuni. Akakinga mikono kwenye bomba la beseni, akafungua.

Bomba likakohoa. Likatema hewa. Likanyamaza, likakohoa tena kutoka tumboni, na ndani ya viganja vya mkwe likatapika kitu cheupe, laini, chenye makombo.

Mawimbi alikuwa amesharudi. Binti alikuwa amesimama nyuma yao na mtoto. Wote walitazama viganja vya yule mama.

"Mkwe," alisema polepole. "Hiki ni nini?"

Mama Sweta alimgeukia mumewe. Alimjua. Alizijua aina zote za uongo wake, na aliuona mmoja ukivaa nguo tayari kutoka, wa chokaa na mabomba ya barabarani na watu wa idara ya maji. Mawimbi alifungua mdomo. Akamtazama mkewe, akatazama aproni yake yenye mfuko uliotuna.

"Ni mkate, mkwe," alisema.

"Mkate."

"Nilikata bomba asubuhi, mimi mwenyewe. Maji yalikuwa hayakatiki, na penye maji lehemu haikai. Unaziba kwa mkate, unalehemu, halafu maji yanautoa. Mimi sikuwa najua. Nimelehemu maisha yangu yote na sikujua. Aliyenifundisha ni shemeji yangu, fundi bomba. Niliwahi kumwambia kazi yake ni ya kupaka uji." Akavuta pua. "Nilikuwa naongea upuuzi."

Bomba likakohoa mara ya mwisho. Maji yakaja, meupe kwanza, halafu safi, kwa nguvu, yakaosha mkate kutoka mikononi mwa mkwe. Yule mama aliyaacha yatiririke. Akayafunga. Akainama, na sketi yake nzuri, akapitisha kidole chini ya kiungo kipya, kwanza huku, kisha huku. Akakitazama kidole.

"Pakavu," alisema.

Akakaa hivyo kidogo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Sweta akachelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Kwangu hutoka kutu," alisema mkwe, akijifuta macho kwa mkono wenye maji. "Kwenye bomba. Kila asubuhi, nyekundu, na fundi ananiambia ndiyo maji yalivyo. Nyinyi kwenu unatoka mkate." Akamgeukia binti. "Haya, mwanangu, umesimama nini? Tafuta beseni, mtoto aoge. Mkwe, maji ya moto yako wapi?"

Binti aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavisukuma kwa mguu hadi chumba cha pembeni, chini ya kitanda cha mama yake, mbali kabisa, mahali ambapo mtu huweka viatu ambavyo hatavihitaji karibuni. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa Mama Sweta. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alinukia maziwa.

"Dada," ilisema sauti kutoka kwenye kibao cha sabuni.

Mkwe aliruka. Simu ilikuwa imelala pale muda wote, imerushiwa maji, hakuna aliyeikumbuka.

"Mimi nilikuwa nasubiri tu kusikia maji," ilisema. "Fundi hakati simu kabla ya kusikia maji." Ikasita. "Mwambie nimesikia."

"Mwambie—" alianza Mawimbi. Akaichukua simu kutoka kwenye kibao, akaifuta kwa shati, akaisogeza karibu na mdomo, kama alivyozoea kushika redio inayoanza kuzungumza.

"Shemeji," alisema, "ukishuka huko darini, pitia hapa. Mkate umebaki nusu."